Aliyeimbiwa Akiwa Hai

Treni ilipouvuka mto pale Cairo, mji wa mpakani kati ya kusini na kaskazini, mkata tiketi alipita akawaambia abiria Weusi kwamba kuanzia hapo wanaweza kukaa behewa lolote wanalopenda. Vijana waliokuwa wamekaa na Hosie Tolliver tangu Mississippi waliinuka kwa kelele, wakakusanya vifurushi vyao, wakahamia behewa la nyuma lenye viti vya mahameli. Hosie hakuondoka. Alikuwa amevaa koti la marehemu baba yake, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa cheusi, na hakuona kama inafaa mtu anayekwenda kuchukua maiti ahangaike na ulaini wa viti.

Kijana mmoja alimrudia. "We kaka, hukusikia? Ubao wa Weusi tumeuacha ng'ambo ya mto. Njoo ukalie laini."

"Nimezoea huku."

"Umefiwa?"

"Na dada yangu. Yuko Chicago."

Kijana alivua kofia, akasimama hivyo kidogo, akaivaa tena akaenda zake. Hosie aliendelea kutazama mahindi yaliyokwisha kuvunwa, maili kwa maili, nchi tambarare isiyo na mahali pa kujificha. Ilikuwa vuli ya mwaka 1927. Mafuriko ya masika yalikuwa yamewaachia kijijini kwao, Cane Fork, matope mpaka kwenye madirisha, na ndani ya matope hayo watu walikuwa wameokota pamba kidogo, na katikati ya uokotaji huo ndipo habari ya Luvenia ikawafikia.

Chicago ilimpokea kwa upepo na harufu ya machinjioni. Anwani alikuwa nayo kichwani, maana mama yake alimkalisha akairudia mpaka akaacha kuikosea: nyumba ya Bi Quarles, mtaa wa Calumet. Alimuuliza mwanamke mmoja aliyesimama mlangoni pa duka la kofia, nywele zimekatwa fupi kama za mvulana, sigara mkononi.

"Wewe ni wa Arkansas au Mississippi?" mwanamke akamuuliza. "Usijibu. Viatu vimeshasema. Mississippi."

"Natafuta Calumet, bibie."

"Bibie! Jamani, niiteni bibie na nyie wengine!" akawapigia kelele wenzake wa ndani. Kisha alikiona kitambaa cheusi, akatupa sigara. "Pole, baba. Nyoosha moja kwa moja, ukifika kwenye duka la dawa pinda kushoto."

Juu ya duka la dawa, jua likiwa katikati ya mbingu, kikundi cha muziki kilikuwa kinafanya mazoezi na madirisha wazi. Tarumbeta ilirudia kipande kilekile, ikakwama palepale, mtu akacheka, ikaanza tena. Hosie alipita chini yake kichwa kimeinama. Alichokuwa anakitafuta ni nyumba yenye kitambaa cheusi mlangoni. Aliikuta ile yenye namba aliyofundishwa, na mlango ulikuwa mtupu. Hata kipande kimoja hawakumwekea! Ndivyo walivyomtendea dada yake, kama mbwa wa barabarani. Aligonga kwa hasira.

Bi Quarles alifungua, mwanamke mnene mwenye unga mikononi.

"Mimi ni Hosie Tolliver. Nimekuja kumchukua Luvenia."

"Kumchukua umpeleke wapi? Yuko juu anapiga pasi." Alimpima toka juu mpaka chini. "Na wewe ni nani wa kumchukua? Luvenia! Shuka, kuna mwanamume hapa anasema amekuja kukuchukua, na kavaa vizuri!"

Hosie alisikia hatua kwenye ngazi, na kabla hajaona uso alizijua hatua zenyewe, zile za mtu anayetanguliza kisigino. Luvenia alitokea, mkono mmoja bado umeshika blauzi yenye joto la pasi. Alimwona ndugu yake, akatabasamu, kisha akakiona kitambaa na tabasamu likamwisha.

"Hosie. Nani amekufa? Ni mama?"

Hosie alikishika kitambaa cha mkononi. Aliketi kwenye ngazi ya chini.

"Wewe," akasema.

*

Ilibidi wamketishe jikoni, wampe kahawa, ndipo maneno yakamtoka kwa mpangilio. Na Luvenia alipoyasikia hakuuliza imekuwaje wakaamini. Aliuliza neno moja tu: "Nani aliimba?"

Bi Quarles, aliyezaliwa Ohio, hakuelewa. Lakini mtu wa Cane Fork angeelewa hapohapo. Kule kila mtu mzima aliyebatizwa ana wimbo wake. Haununui wala hafundishwi. Humjia siku ya kuokoka au siku ya shida, na Jumapili akiingia kanisani yeye ndiye anayeuanzisha. Hutamka mstari upesi, kama anayesoma, na wengine humwitikia polepole, wakilivuta kila neno mpaka linakuwa refu kama mfereji wa shamba. Asipokuwepo, wimbo wake hauguswi. Mtu aweza kuugua mwaka mzima, au kufungwa, au kuhamia kaskazini. Wimbo unakaa unamngoja kama chakula kilichofunikwa sahani. Akifa, yule aliyekuwa karibu naye kuliko wote huuanzisha kwa mara ya kwanza bila mwenyewe. Na kwa vile nyumba za huko ziko mbalimbali kwenye mashamba ya pamba, watu husikia nani anaimba wimbo wa nani, wakajua msiba uko wapi kabla mjumbe hajafunga punda.

Wimbo wa Luvenia ulimjia siku alipomzika binti yake wa pekee, mtoto ambaye hakuwahi kutembea. Maneno yake hayakuwa mengi:

*Nimeuvuka mto, Bwana, viatu vyangu vimelowa,*
*Ng'ambo siioni, Bwana, na mkono umeniponyoka.*

Siku ile pale kaburini, mwanamke aliyemshika kiuno asianguke alikuwa Vashti Grice. Walikua pamoja, walibatizwa kwenye kidimbwi kimoja, na miaka mitatu baada ya mazishi yale walipanda treni moja kuja Chicago, wakilala zamu kwenye bega la mwenzake.

"Aliimba Vashti," Hosie alisema. "Kwenye santuri. Mjomba Alcide anayefanya kazi kwenye reli aliileta, tukaipiga kwenye gramafoni ya mwalimu. Watu walijaa mpaka uani. Kwanza mchungaji wa humo kwenye santuri akahubiri kidogo, mara Vashti akaanzisha wimbo wako. Mama alikuwa amesimama. Akaketi chini, hapohapo kwenye vumbi. Akasema, Vashti ndiye angeimba, hakuna mwingine. Tangu siku ile chakula hakipiti, ni maji tu."

Luvenia aliikunja blauzi vizuri, mkono juu ya mkono, akaiweka mezani. "Santuri gani?"

"Si ile ya Mchungaji Broadnax!" Bi Quarles akaruka kwa furaha ya mtu aliyepata kuwa na msaada. "*Kuvuka Mto*! Mimi ninayo. Naipiga kila siku nikikanda mkate, wewe ukiwa kiwandani. Ngojeni niwasikilizishe."

Luvenia alikuwa ameisikia ikitangazwa kanisani tu, hajawahi kuisikia ikipigwa, na hakuna aliyemzuia Bi Quarles. Sebuleni aliifuta santuri kwa kiwiko, akazungusha mkono wa gramafoni. Ikaja mikwaruzo, ikaja sauti ya Mchungaji Leander Broadnax wa kanisa la Kerithi, nzito na ya pole, ikieleza habari za mama mmoja wa kusini aliyesimama kwenye ukingo wa mto. Kisha sauti ya Vashti. Alikuwa anauvuta wimbo kama Luvenia, na mahali ambapo Luvenia huvunja sauti, pale kwenye neno *Bwana*, aliivunja palepale. Nyuma yake watu wanne watano waliitikia, na mchungaji akapaza: "Vuka, mama, vuka!" Ila mwisho wa mstari wa pili Vashti hakusema mkono umemponyoka. Alisema *na mkono umenishika*. Beti mbili, sindano ikafika katikati, ikabaki inakwaruza.

"Si inakutoa machozi?" Bi Quarles akasema, na aligeuka akakuta kwamba machozi hayakuwepo. Luvenia alikuwa amesimama anaitazama ile sahani nyeusi namna unavyomtazama mtu aliyevaa nguo yako.

"Bi Quarles," alisema, "huyo mama wa mtoni ni mimi."

*

Vashti alikuwa na kiti chake katika saluni ya nywele hatua chache kutoka kanisani. Walipoingia, alikuwa na mteja aliyetaka zikatwe zote. Sakafuni kulikuwa na nywele nyingi, nyeusi na kijivu, kama kondoo wa rangi mbili wamenyolewa. Jumamosi mchana wanawake hupanga foleni pale, na kila mmoja huja na maneno yake.

"Kata, kata!" mteja alikuwa anasema. "Mume wangu alisema nikikata ataondoka. Kata haraka kabla hajabadili mawazo!"

Wakacheka wote, Vashti naye. Ndipo akainua macho. "Venie! Na huyo ni... Hosie? Mungu wangu, umekuwa mrefu hivyo lini?" Alimwendea kwa mikono iliyofunguliwa, mkasi kwenye kidole, na katikati ya safari macho yake yaliangukia kitambaa. Mikono ilishuka. "Mama yenu?"

"Hapana," Luvenia akajibu. "Ni mimi. Nimekufa. Hosie amekuja kunibeba."

Vashti hakuuliza maana yake nini. Hosie aliliona hilo, na baadaye ndilo lililomkaa rohoni kuliko yote: kwamba hakuuliza. Alimwambia mteja, "Nivumilie kidogo, mpenzi," akawapeleka chumba cha nyuma penye masanduku ya mafuta ya nywele.

"Ilifika mpaka kule?" alisema kwa sauti ndogo.

"Treni inafika, santuri isifike?"

"Venie, nisikilize. Mchungaji alisema kampuni ya santuri inataka kitu cha kwetu, cha zamani. Akasema kwaya imenyooka mno, haina udongo. Akaniuliza, Dada Grice, huna kitu chochote cha kule? Tulisimama mbele ya kidude cha kunasia sauti, kama kichujio cha chai, mzungu akainua kidole, na mimi... ndio uliokuja. Sikuwa nimepanga. Uliokuja ndio huo."

"Na *mkono umenishika*, huo nao ulikuja?"

Vashti alitazama mkasi wake. "Hilo ni la Mchungaji. Alisema hakuna atakayenunua huzuni bila mwisho mwema."

"Ulijua maana ya wewe kuuimba."

"Kule, ndiyo. Lakini huku watu wanaimba nyimbo za watu kutwa na hakuna anayekufa! Nilidhani huku haihesabiki."

Luvenia alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Miaka miwili, Vashti. Miaka miwili nakaa kiti cha nyuma Kerithi kama mzigo wa mtu. Nani alikuja kunifunga mdomo?"

"Mchungaji ndiye alinituma..."

"Ukaja na pai ya viazi vitamu. Ukakaa kitandani kwangu, ukaniambia, shoga, kule kuguna kwako kunatutia aibu, watu wa hapa wanatuita washamba, kwaya yao inaimba kwa karatasi. Ukaniambia, kama unanipenda, acha. Na mimi nakupenda. Nikaacha. Na pai nikaila yote." Aligeuza macho kwenye masanduku. "Kumbe mlikuwa mnauhifadhi."

Ng'ambo ya pazia wanawake walikuwa wamenyamaza, wanasikiliza bila kujificha. Vashti alianza kulia, kilio cha kweli, Hosie hakuwa na shaka nacho. Alimshika Luvenia mikono yote miwili.

"Kesho nitasema. Haki ya Mungu, mbele ya watu wote. Mchungaji huwa anaitangaza santuri baada ya matangazo mengine. Akimaliza tu nitasimama niseme ni wako, na wewe u hai, na maneno siyo yale. Hosie atasikia kwa masikio yake, akirudi amwambie mama yenu. Unanijua, Venie. Nikisema nimesema."

"Nilikujua," Luvenia akasema, lakini hakuiondoa mikono yake.

Jioni ile Bi Quarles alitoa wazo la kumpelekea mama telegramu. Luvenia akatikisa kichwa. Mama hakujua kusoma, na karatasi inaweza kuandikwa na yeyote. Angesema watu wa Chicago wanamficha msiba. Sauti ndiyo iliyomuua binti yake, na sauti ndiyo ingemfufua. Walibaki jikoni, Hosie akila kama mtu aliyefunga, Luvenia akimsimulia habari za kiwanda cha vivuli vya taa anakofanya kazi, namna hariri inavyonyooshwa juu ya waya, namna wasichana wa huko wanavyofundishana dansi mpya wakati wa chakula, visigino nje, magoti ndani. Alisimama akamwonyesha. Alikuwa anaijua vizuri. Hosie alicheka mpaka akakohoa, na kwa dakika chache walikuwa watoto tena. Chicago haikuwa imemtendea dada yake vibaya, aliliona hilo wazi. Alikuwa amependa vitu vingi vya huku. Kilichokuwa kimebaki cha kule ni kimoja, nacho alikuwa amekifunga mdomoni mwenyewe kwa kuombwa.

*

Kanisa la Kerithi lilikuwa la matofali, kubwa, lenye wahudumu wa glovu nyeupe waliokukalisha wanapotaka wao. Walimkalisha Hosie na dada yake nyuma. Kwaya iliingia kwa mwendo mmoja, majoho ya rangi ya zabibu, Vashti mstari wa mbele. Walifungua karatasi zao wakaimba kitu chenye ngazi nyingi, kila sauti ikipanda mahali pake na kushuka mahali pake. Kilikuwa kizuri. Hosie hakujua aingilie wapi, akaona kwamba hakuna aliyetarajia aingie.

Mchungaji Broadnax alihubiri dhidi ya kumbi za dansi na muziki wa magoti, akataja mtaa kwa mtaa, na watu wakacheka maana walijua nani alikuwa wapi jana. Alikuwa mtu wa kupendeza. Alikuwa na miwani mpya iliyokuwa inamteleza, na kila alipoirudisha alionekana kama anayewakonyeza. Kisha matangazo: wagonjwa, kikundi cha akina mama, makaa ya mawe ya majira ya baridi. Kisha akatabasamu.

"Na ile santuri yetu, wapendwa. Nasikia imefika Memphis, imefika Jackson. Tunao hata mgeni kutoka Mississippi leo. Simama, ndugu, tukuone."

Hosie akasimama, akaketi. Akamtazama Vashti, maana huu ndio ulikuwa wakati. Vashti alikuwa anaweka sawa mkono wa joho lake. Aliuweka sawa, akaukunja, akauweka sawa tena. Mwanamke wa pembeni yake alimnong'oneza kitu, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mchungaji alikunja karatasi ya matangazo. Watu walianza kufungua vitabu kwa wimbo wa sadaka. Vashti alifungua kitabu chake.

Ndipo Luvenia aliposimama.

Hakusema neno. Aliuanzisha tu, upesi, kama anayesoma: *Nimeuvuka mto, Bwana, viatu vyangu vimelowa.*

Vichwa viligeuka. Kwa pumzi moja Hosie aliogopa kwamba hakuna atakayeitikia, kwamba dada yake atabaki amening'inia pale kama nguo kwenye kamba. Lakini waliitikia! Benchi kwa benchi, wakubwa kwa watoto, walichukua ule mstari wote kwa pamoja, na moyo wa Hosie ukaruka. Kisha akasikia walivyokuwa wanauimba. Waliuimba kwa kasi ya santuri. Pumzi walivuta pale Vashti alipovuta. Na mbele kabisa mvulana wa Shule ya Jumapili akapaza, akiiga sauti nzito: "Vuka, mama, vuka!" kanisa zima likacheka kwa upendo.

Luvenia alitoa mstari wa pili. *Ng'ambo siioni, Bwana, na mkono umeniponyoka.*

*Na mkono umenishika*, wakamjibu mamia.

Alitoa ubeti wa pili, wakamjibu. Alipofumbua mdomo kutoa wa tatu, ule wa viatu vidogo ambavyo havikuwahi kuvaliwa, walikuwa wameshafunga. Santuri ilikuwa imekwisha. Wengine walipiga makofi, wengine walikuwa wanaketi, kitambaa kinapangusa jasho. Sauti moja tu ya kiume iliendelea kuuvuta mstari uliopita, polepole, kwa mtindo wa mashambani, na ilimchukua Hosie muda kutambua kwamba ni yake. Alijisikia yuko peke yake katika jengo lile kubwa. Akanyamaza. Alikuja kujilaumu baadaye kwamba alinyamaza.

Mchungaji Broadnax alikuwa amefungua mikono, uso umejaa tabasamu. Hakuwa anaigiza, alikuwa amefurahi.

"Mnaona!" alisema. "Dada Tolliver wa kiti cha nyuma, ambaye hatujamsikia siku zote hizi. Hata yeye ameushika wimbo wa Dada Grice, na ameushika vizuri! Maneno mawili matatu yamempotea, lakini moyo upo. Mungu akubariki, dada."

Watu walisema amina. Luvenia alikuwa bado amesimama, anatazama kwenye majoho ya zabibu. Vashti alikuwa ameinua uso sasa, na macho yao yalikutana kwa upana wote wa kanisa. Lilikuwa limebaki neno moja tu, na mtu mmoja wa kulisema. Vashti alifungua mdomo kidogo. Piano ikaanza wimbo wa sadaka, na mdomo ule, kwa kuwa ulikuwa tayari umefunguka, ukaimba.

Luvenia alichukua mkoba wake. "Twende, Hosie," alisema, kwa sauti ya mtu anayewaondoa watoto sokoni.

*

"Nipe tiketi yako ya kurudi," alimwambia barabarani.

Hosie alikuwa nayo moja. Chama cha mazishi cha Cane Fork kilimkatia ya kwenda na kurudi, na jeneza lingepanda kama mzigo. "Na mimi?"

"Kaa chumbani kwangu. Jumatatu nenda machinjioni mapema, wanachukua watu wenye mabega. Bi Quarles atakulisha, mradi umsifie mkate." Aliipokea tiketi. "Mama akinisubiri mpaka upate nyingine ataniwahi kaburini."

"Utarudi, Dada?"

Alitembea mpaka kwenye kona bila kujibu. Juu ya duka la dawa ile tarumbeta ilikuwa imefanikiwa kuvuka mahali ilipokuwa inakwama, na sasa ilikuwa inakimbia. Luvenia alisimama akaisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu kijana nimemsikia wiki nzima," alisema. "Leo amepata."

Kituoni alipanda behewa la viti vya mahameli, akafungua dirisha. Mpaka Cairo angekalia laini. Hosie alisimama chini kwenye sakafu ya mawe, kitambaa cheusi hakiko tena mkononi ila hajui amekiweka mfuko gani.

"Ukifika, mama atataka uimbe," alimwambia. "Ahakikishe ni wewe."

"Hataki kuimbiwa. Nitaingia niulize nani aliweka sufuria kubwa juu ya ndogo. Tukianza kugombana atajua."

"Na Jumapili? Kanisani?"

"Walishauimba, Hosie. Waliuimba wakalia, wakanizika vizuri. Utaanzishaje wimbo wa marehemu?" Alisema hivyo bila kuinua sauti, akaanza kuvua glovu zake, kidole kwa kidole.

Honi ililia mara ya kwanza. Ndipo Vashti alipotokea kwenye umati, anakimbia na viatu vya visigino, kofia mkononi, nywele zake fupi zimevurugika. Alikuwa amekumbatia sanduku la viatu lililofungwa kamba, namna Weusi wanavyofungashiwa kuku wa kukaanga kwa safari, maana kwenye mkahawa wa treni ile hawakaribishwi. Alifika chini ya dirisha, hana pumzi.

"Nilitaka kusimama, Venie. Miguu ilikataa. Jumapili ijayo nitasema, nakuapia."

Luvenia alimtazama kama unavyotazama kituo ambapo treni haisimami.

Vashti aliinua sanduku juu kwenye dirisha. Hakuna mkono uliolipokea. Alilishikilia hapo mpaka honi ikalia mara ya pili, kisha, kwa kukosa la kufanya, akamgeukia Hosie na kumpa yeye. Hosie alilipokea kabla hajafikiri. Lilikuwa na joto, mafuta yameanza kupenya kwenye karatasi, na harufu ilikuwa ya kwao kabisa. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Alimwinulia dada yake macho, ameshikilia lile sanduku kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi.

Magurudumu yalianza kuzunguka. Luvenia alitoa kichwa nje, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulilegea kidogo.

"Kula, Hosie," alisema. "Kuku hajanikosea."

Akafunga dirisha, na treni ikamchukua.